Shati Moja Kila Septemba

Jirani yangu haingii nyumbani kwa mtu kama wageni wengine. Anasimama mlangoni, ananyoosha mkono, kiganja juu, na kusema neno moja: "Onyesha." Umwonyeshe nini? Chochote. Ukiwa umenunua sufuria, aione kitako. Ukiwa umetoka hospitali, aione karatasi ya dawa. Nilipojifungua mtoto wangu wa tano alikuja na mkono wake huohuo, nikamwekea mtoto kiganjani, akamgeuza huku na huku, akanirudishia, akasema, "Iko en ordre," yaani kila kitu kiko sawa. Sijawahi kupata pongezi fupi kuliko hizo, na mtoto yule ndiye msumbufu kuliko wenzake wote.

Alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni, tangu enzi ambazo treni za hapa Kamina zilifika siku iliyosemwa. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Papa Kontrolere. Alizaliwa wapi na kwa nani, sijui. Kila nilipomuuliza alijibu kwamba hayo ni maswali ya polisi. Ninachokijua ni kile kinachoonekana kutoka kwangu. Kati ya kiwanja chake na changu kuna ua wa matete tu, na watoto wangu sita wameutoboa matundu kwa bidii ambayo sikuiona kwenye masomo yao. Mengi ninayoandika hapa nimeyaona kupitia matundu hayo. Mengine nimeyasikia tu, kwa sababu mzee yule hajui kusema kwa sauti ya chini, hata kanisani wakati wa sala ya kimya.

Alipostaafu alibaki na koleo lake la kutobolea tiketi. Sijui kama walimpa au alijipa. Alitoboa bahasha zake za sadaka. Alitoboa kadi ya chanjo ya mjukuu wake. Alitoboa mwaliko wa harusi ya mdogo wangu alipoingia ukumbini, kisha akaanza kutoboa na ya watu waliokuwa nyuma yake, na foleni ikafika barabarani. Kila mwisho wa mwaka wa shule alitoboa buletini ya mjukuu, yaani ile karatasi ya pointi, pembeni kabisa. Mkurugenzi wa shule akamwita, akamweleza kwamba hiyo ni hati ya serikali. Papa Kontrolere akamuuliza kama mtoto amesafiri kutoka darasa la tatu kwenda la nne, au hakusafiri. Mkurugenzi akakubali kwamba amesafiri. "Basi," akasema mzee, akavaa kofia yake akaondoka.

Mjukuu huyo anaitwa Kapinga. Mama yake, binti pekee wa Papa Kontrolere, alimleta hapa mtoto akiwa hajaanza hata la kwanza. Alisema anakwenda Kasumbalesa, kule mpakani na Zambia, kutafuta biashara, na kwamba atarudi baada ya mwezi. Biashara aliipata. Alipata na mume pia, na mume huyo hakutaka kulea mtoto asiye wake. Ule mwezi mmoja ukaenda ukapita shule ya msingi yote, ukaingia sekondari, ukaendelea. Watu wa mtaa walimsema sana yule binti. Lakini jambo moja hakuwahi kulikosa. Kila mwaka, kabla shule hazijafunguliwa Septemba, alituma shati. Shati jeupe la shule, moja, limekunjwa ndani ya plastiki, likija na lori au na mtu wa kanisa aliyekuwa akipita.

Na kila mwaka shati lile halikumkaa mtoto.

Simlaumu. Mtu akiwa mbali anamkumbuka mtoto kwa kimo kilekile alichomwacha nacho. Mashati ya kwanza yalikuja madogo, kwa sababu kule Kasumbalesa Kapinga alikuwa bado na miaka sita, wakati huku kwetu alikuwa akifukuzana na wavulana juu ya reli. Nadhani mama mtu akashtuka, maana mwaka uliofuata lilikuja shati ambalo Papa Kontrolere mwenyewe angeweza kulivaa na koti juu yake. Kapinga akalivaa, mikono ikaning'inia hadi magotini. "Mutoto iko wapi?" mzee akauliza, akipapasa ndani ya shati kwa uso wa kazi. Mwaka wa baadaye yakarudi kuwa madogo. Yule mama alikuwa akibahatisha tu, na Kapinga naye hakumsaidia, kwa sababu alikuwa na tabia ya kurefuka wakati wa likizo kana kwamba ametumwa.

Sasa nikueleze uongo wa mkaguzi. Huyu ni mtu aliyewahi kumshusha shemeji yake mwenyewe kwenye treni, katikati ya pori, kwa kukosa tiketi, na mpaka leo familia hizo mbili husalimiana kwa vidole viwili. Ni mtu aliyemwambia mchungaji wake, mbele ya waumini, kwamba mahubiri ya siku ile yalikwisha kusomwa mwaka uliopita. Lakini kila Septemba simu ilipolia na binti yake akauliza, "Papa, shemize inamufaa?" alijibu bila hata kukohoa.

"Inamufaa sana. Ni kama fundi alimupima."

Kisha alizima simu, akaketi barazani, akatafuta miwani, akachukua sindano. Kushona hakuwahi kufundishwa na mtu, na ilionekana. Shati likiwa kubwa alilipunguza mpaka mtoto akashindwa kuinua mikono kumjibu mwalimu. Likiwa dogo aliongeza mkanda wa kitambaa kwenye mikono na mwingine chini, ulimi ukiwa umemtoka pembeni ya mdomo. Kitambaa kilitoka popote: shuka, foronya, kitambaa cha meza cha marehemu mkewe. Mwaka mmoja kilitoka kwenye mfuko wa unga aliouchemsha ili maandishi yafutike. Hayakufutika yote. Kapinga akaenda shuleni na uzito wa mfuko umeandikwa mgongoni, chini kidogo ya kiuno, na darasa lote likamwita Vingt-Cinq Kilos, Kilo Ishirini na Tano, mpaka likizo ya Pasaka.

Siku moja nilichoka, nikapita kwenye ua nikamfuata pale barazani.

"Papa, juu nini haumuambiake kipimo? Unakamata kamba, unapima mukono ya mutoto, unamuambia mama yake ku simu. Inaisha."

Hakuinua macho kwenye sindano. "Mama Ngoy, weye unafikiri hii shemize inatokaka wapi?"

"Ku soko."

"Inatokaka mu kichwa ya mama yake. Kila mwaka, mbele ya kununua, anasimama pale ku soko, anawaza: mutoto yangu iko namna gani sasa? Mukono yake inafika wapi? Mabega inakuwa namna gani? Anamuona mu macho. Siku minyi nitamuambia kipimo, ataambia muuzaji namba, atalipa, atakwenda. Hatamuwaza tena."

Nilirudi upande wangu wa ua na hasira, kwa sababu mimi napenda kusema neno la mwisho. Niliwaza maneno yale nikisonga bukari, ugali wetu wa huku, nikaunguza sufuria.

Kwa mambo mengine ni mtu mgumu ajabu. Ukimwomba kiberiti anakuwashia njiti moja na kurudisha kiberiti mfukoni, nawe ukimbie na moto kuelekea kwako. Chumvi anapima kwa kijiko cha chai, kisha anasawazisha kwa kidole. Lakini mwaka ule mvua ilipobomoa jiko langu alinipa lake, akapikia nje wiki kadhaa akilalamika kwamba moshi unamfuata yeye tu. Nilipomshukuru aliniambia nisiseme sana, ninamchosha.

Kapinga hakuwahi kusifiwa mbele ya watu. Alipokuwa wa kwanza darasani mzee alisema, "Na wa pili alikuwa nani?" kama vile huyo ndiye mwenye habari. Kapinga naye alijifunza kumjibu. Akiamshwa kabla ya alfajiri kwa ngumi mlangoni na sauti inayosema abiria wote waamke, alimjibu babu yake kutoka ndani, "Kaku, train yako ilikufaka zamani, unatuacha tulale." Mzee alicheka peke yake pale nje, kisha akakunja uso kabla mlango haujafunguliwa. Nilimwona mara nyingi akifanya hivyo.

Ugomvi wetu mkubwa ulihusu mashati yenyewe. Kwangu shati la shule linaanza kwa mkubwa, linashuka kwa anayemfuata, na safari yake inaishia kufuta taa. Ndivyo watu wenye akili wanavyoishi. Nikaona kwamba Kapinga ni mmoja, hana mdogo nyuma yake, basi mashati yake ya zamani yanakwenda wapi? Nikamwomba moja kwa ajili ya mwanangu wa nne. Akaninyima. Nikaomba mwaka uliofuata, akaninyima tena. Mara ya tatu nilisimama mlangoni pake, nikanyoosha mkono, kiganja juu, nikasema, "Onyesha."

Nadhani alipenda. Aliingia ndani akavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, akalifungua, na mimi nikapiga chafya.

Ilikuwa poda. Huku kwetu mwisho wa mwaka shule hufanya proklamasio. Wazazi wanakusanyika uani, mkurugenzi anasoma majina na asilimia kwa sauti, na mtoto aliyefaulu akitoka tu kwenye mstari anamwagiwa poda ile ya watoto wachanga, kichwani, shingoni, mgongoni, mpaka anafanana na mtu aliyeanguka ndani ya mfuko wa unga. Sisi wengine tunarudi nyumbani tunafua. Papa Kontrolere hakufua. Alimvua mjukuu shati jioni ileile, akalikunja jinsi lilivyo, na poda yake, jasho lake na wino wake, akaliweka sandukuni juu ya lile la mwaka uliotangulia. Shati la darasa la tatu lilikuwa na doa la wino mfukoni, pana kama sahani ya chai. La darasa la tano lilikuwa na damu kidogo ya pua, kutoka siku Kapinga alipopigana na mwanangu Ngoy, na damu ilikuwa ya Ngoy.

"Na juu nini picha hapana, kama batu bote?" nikamuuliza.

Akanijibu kwamba picha alikuwa nazo. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, watu wa asili ya Kasai, jimbo jirani, walipofukuzwa huku Katanga, yeye na mkewe na binti yao waliondoka kwenye nyumba yao wakiwa na walichoweza kubeba, wakalala kituoni pamoja na umati wa wenzao wakingoja mabehewa. Picha za binti zilibaki ukutani: ubatizo, siku ya kwanza ya shule, meno ya mbele yalipong'oka. Waliporudi Katanga baadaye na kuja kukaa Kamina, hata ukuta wenyewe haukuwepo tena. Binti yake yule hana picha moja ya utoto wake.

"Picha inabakiaka ku ukuta," akasema. "Nguo, unavala, unakimbia."

"Shemize ya mutoto wa première, wa miaka sita, utaivala weye?"

Alifikiri kidogo. "Nitaifunga pa kichwa."

Tuliangaliana, tukacheka mpaka akalazimika kukaa juu ya sanduku. Sikumwomba shati tena.

Kabla ya hapo, mwaka Kapinga alipofeli la nne, ndipo nilipoanza kumwelewa, ingawa mtaa mzima ulimwona kichaa. Malaria ilikuwa imemshika mtoto mara kwa mara mwaka ule. Mkurugenzi alisoma majina mpaka mwisho, la kwake halikuwemo. Papa Kontrolere akamshika mkono, wakarudi nyumbani, sisi nyuma yao na watoto wangu weupe kwa poda, tukiona haya kwamba wamefaulu. Muda si mrefu, kupitia tundu la ua, nikamwona amemsimamisha Kapinga katikati ya kiwanja, anammwagia poda kopo zima. Wapita njia wakaona poda. Wakaingia wakiimba. Wakakalishwa, wakanunuliwa soda, mzee mmoja wa kanisa akamshukuru Mungu kwa maombi marefu kuhusu akili za mtoto. Ndipo mama mmoja akauliza amepata asilimia ngapi.

"Alianguka," akasema Papa Kontrolere.

Watu wakashusha chupa zao. "Sasa poda iko ya nini?"

"Mwaka ilipita kichwa yake ilikuwa inanifika hapa." Akagusa kitovu. "Leo inanifika hapa." Akagusa mfuko wa shati. "Directeur alisoma hiyo ku karatasi yake? Hakusoma. Njo minyi naisoma."

Watu wakaanza kuaga, kwani soda zilikuwa zimekwisha kunywewa. Shati la mwaka ule likaingia sandukuni kama mengine.

Mimi nina simu yenye kamera, mzee ana kile kisimu cha vibonyezo. Mara moja nilijitolea kumpiga Kapinga picha nimtumie mama yake. Mzee alikubali baada ya kumkunja mtoto mikono ya shati hadi juu ya viwiko, ili mkanda wa foronya usionekane. Jibu likarudi upesi: mbona mtoto amekunja mikono kama dereva wa lori? Nikamsomea. Akaniambia nimjibu kwamba ndiyo fasheni ya Kamina.

Kapinga alipofika darasa la nane alianza kuona haya. Alikuja kwangu jioni moja, amevaa shati lenye mikono ya rangi mbili, nyeupe na nyeupe iliyochoka, akaniomba simu. Alisema atamwambia mama yake ukweli, na kipimo, mwaka huu basi. Nikampa. Alisimama karibu na ua, nikamsikia akisema hallo, akasikiliza, kisha akasema, "Ndiyo, mama. Inanifaa. Inanifaa muzuri." Alinirudishia simu akitazama pembeni.

"Juu nini haukumuambia?"

"Aliniuliza na furaha, Mama Ngoy," akasema. "Ningemuambia namna gani?"

Hivyo wakawa waongo wawili nyumba moja, wote wakimficha mtu mmoja.

Mwaka huu Kapinga amemaliza. Amefanya mtihani wa serikali, na tukiwa bado tunangoja majibu, mama yake akapiga simu kwamba anakuja. Safari hii anakuja kweli, amekwisha kupanda gari. Papa Kontrolere alipita kwenye ua akaja kwangu bila kunyoosha mkono. Nikajua jambo ni zito.

"Ile sanduku," akasema.

"Si ulimuchungia yee? Miaka yote ulisema: siku mama yake atakuja ataona namna mutoto alikua."

"Nilisema." Alikaa kwenye kigoda. "Sasa atafungua. Ataona mishono. Atajua nilimudanganya."

"Papa, atakusamehe."

"Hiyo haiko shida." Alijipangusa uso kwa kofia. "Atajua alikosea kila mwaka. Hata mwaka moja hakupata. Mama gani ataona hiyo na atakula chakula? Atarudia Kasumbalesa siku ileile, na hatutamuona tena."

Sikuwa nimewaza hivyo. Nilimwambia basi asimwonyeshe, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane alifuata shauri langu. Nilimwona kupitia tundu akilihamisha sanduku, analisukuma kwa goti, kutoka mlangoni hadi kwenye kibanda cha jiko nyuma ya magunia ya makaa. Kwa kweli alikuwa anaona uchungu. Alilifunika na kipande cha turubai kama mtu anayemfunika mgonjwa.

Binti alifika Ijumaa jioni, amevimba miguu, na mifuko mingi. Alikuwa mnene kuliko nilivyomkumbuka, na sauti yake ilikuwa ya chini. Alimkuta Kapinga mlangoni, akalazimika kuinua uso kumtazama. "Umekuwa murefu," akasema. "Ndiyo, mama," akasema Kapinga. Wakakaa kwenye viti viwili, magoti pamoja, kama wasafiri wasiojuana. Papa Kontrolere akawauliza kama chai ina sukari, wakasema ina sukari, akauliza tena.

Jumamosi asubuhi mzee alinigongea twende sokoni, kwamba anataka kuku wa kumpikia binti yake na hawaamini wauzaji. Kapinga alikuwa ametoka kuchota maji, na foleni ya bomba unaijua. Sokoni mzee aliwanyooshea mkono kuku wote. Aliwaangalia miguu, akawafungua midomo, akawapuliza manyoya ya shingo. Muuzaji mmoja akamuuliza kama anatafuta kuku au mchumba. Nilijua hakuwa na haraka ya kurudi. Aliogopa kubaki nyumbani na watu wale wawili walionyamaza. Jua lilikuwa limekwisha kupanda tuliporudi, kuku chini ya kwapa lake, na tulipopinda kona ya nyumba yake akasimama ghafla nikamgonga mgongoni.

Kamba ya nguo ilikuwa imejaa mashati.

Yalikuwa yote, meupe, yanatiririka maji, makubwa na madogo yamechanganyika bila mpango. Chini yake beseni mbili zilijaa povu la kijivu. Binti yake alikuwa ameinama kwenye beseni la tatu, amejifunga kitenge kiunoni, mikono imelowa hadi mabegani.

"Papa," akasema, "nilienda kutafuta makaa nikupikie. Nilikuta nguo ya mutoto yote buchafu mu sanduku, ku jiko. Minakwisha kufula."

Mzee alimwachia kuku. Kuku akakimbilia kwangu kupitia tundu la ua, na hakuna aliyemfuata.

"Na poda?" akauliza.

"Poda gani?"

Mzee alikwenda kwenye shati la karibu, akalinusa kola. Sabuni. Akanusa la pili. Akatafuta lile la darasa la tatu, akalipata, akageuza mfuko, na palipokuwa na wino palikuwa peupe. Nilikuwa tayari kuingia kati yao, kwa maana mtu huyu alimshusha shemeji yake porini kwa tiketi tu. Nilimhurumia, na nilimhurumia binti pia, aliyekuwa amesimama na povu mikononi bila kujua amefanya nini.

Kumbe kuna alichokijua. Alijifuta mikono kwenye kitenge, akaja kwenye kamba, akashika mwisho wa mkono wa shati moja, pale penye mkanda wa foronya.

"Hii niliinunua minyi," akasema. "Ku ile soko ya karibu na magari ya mizigo. Ninakumbuka kifungo. Nani aliongeza mukono?"

Papa Kontrolere alitazama chini.

"Na hii pia, aliongeza. Na ile aliipunguza." Alikuwa anatembea kwenye kamba, akishika mishono mmoja baada ya mwingine. "Hii, na hii. Nilifula yote, papa. Mukono yangu ilipita pa kila mushono. Uliniambiaka inamufaa."

"Ilimufaa."

"Papa."

"Kisha kushona, ilimufaa."

Binti yake alikaa chini palepale, kwenye matope ya maji ya sabuni, akaanza kulia, kwa sauti, kama wanavyolia msibani. "Hata moja," akasema. "Hata mwaka moja sikupata."

Hicho ndicho mzee alichokiogopa, na kilikuwa kimefika, na mimi nilitazama mfuko wake wa safari uliokuwa mlangoni. Papa Kontrolere alizunguka kwanza kamba nzima, polepole, akishika kila shati mahali fulani, kisha akamrudia, akachuchumaa kwa shida mbele yake.

"Angalia muzuri," akasema. "Niligusa mukono. Niligusa chini. Mabega, sikugusa hata siku moja. Pale njo ulikuwa unapata kila mwaka. Nenda, tafuta mushono pa mabega. Onyesha."

Kwa shati moja angalau haikuwa kweli. Shati lile kubwa kama la mtu mzima lilikuwa palepale mbele yetu, na mabega yake nilimwona mwenyewe akiyapunguza kwa kidole kizima. Mzee alikuwa amekwisha kuinuka na kusimama mbele ya shati hilo, amelikinga kwa mgongo. Nilitazama angani.

Kapinga ndiye aliyetukuta hivyo, na ndoo yake kichwani. Aliyaona mashati, akamwona babu yake, akamwona mama yake chini. Alitua ndoo taratibu bila kumwaga hata tone.

"Kuja hapa," mama yake akamwambia. Alisimama, akajifuta pua kwa bega. "Nyoosha mukono."

"Mama, nilikwisha kumaliza masomo. Sitavala tena shemize ya masomo."

"Najua. Nyoosha."

Kapinga akanyoosha. Mama yake akaweka kidole gumba begani, akatandaza kiganja, akaanza kupima, shubiri baada ya shubiri, akishuka hadi kwenye kifundo. Midomo yake ikahesabu. Kisha akamgeuza, akaanza na mkono wa pili.